Nani Amemaliza Betri?

Wengi wetu hapa Shinyanga tunayajua maisha ya kubaki na gari ambalo mwendeshaji wake hayupo. Baba yuko mgodini Geita au Bulyanhulu, anarudi baada ya wiki mbili au tatu, na gari limelala chini ya mwembe likimngoja. Siku akirudi anazungusha ufunguo, gari linalia "tik, tik" na kunyamaza. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nani aliwasha redio? Watoto walichezea taa? Kijana wa kazi alichaji simu yake humo?

Kwetu sisi jambo hili lilitokea saa mbaya. Ilikuwa mwezi wa Septemba, saa nane za usiku, mtoto wetu wa tatu akapandwa na homa hadi degedege. Baba alikuwa zamu ya usiku Geita. Mafuta yalikuwamo nusu tangi, lakini tulipozungusha ufunguo hata taa za dashibodi hazikuwaka sawasawa. Kulisukuma kusingefaa kitu, kwani ni la otomatiki, na magari ya aina hiyo hayawaki kwa kusukumwa. Jirani mwenye bodaboda ndiye aliyetufikisha hospitali, mtoto akiwa amefungwa kifuani kwa kanga. Alipona, tunamshukuru Mungu. Asubuhi tukamgeukia binti wa kazi kwa maneno makali, tukiamini kwamba alikuwa akisikiliza redio ndani ya gari. Tulimwonea, kama mtakavyoona.

Betri ya gari ni mabamba ya risasi ndani ya maji yenye tindikali. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na mpaka leo kanuni yake ni ile ile. Injini ikiwaka, alteneta huijaza. Injini ikizimwa, betri hutoa tu, haipokei kitu. Wengi hudhani kwamba ukichomoa ufunguo kila kitu kimelala. Sivyo. Saa, kumbukumbu ya kompyuta ya gari, alamu na kile kifaa kinachosubiri rimoti ya milango vyote hukesha. Kwa gari zima, vitu hivyo kwa kawaida hula kama ampea 0.05 au pungufu.

Tupige hesabu kidogo. Betri ya N50 ina uwezo wa kutoa ampea 1 kwa muda wa saa 50 hivi. Ikiliwa ampea 0.05 itachukua saa 1,000, yaani siku 41, kuisha kabisa. Lakini stata inahitaji nguvu nyingi kwa mara moja, kwa hiyo betri iliyobaki nusu inaweza kushindwa kuwasha injini. Ndiyo kusema kwamba hata gari zima lisilo na kasoro, likilala wiki tatu, lina haki ya kugoma. Na ukiacha taa kubwa zinawaka, ambazo hula karibu ampea 10, usiku mmoja unatosha.

Sasa, gari letu lilikuwa limelala siku tano tu. Fundi umeme tuliyemwita alifunga mita katikati ya waya wa hasi na betri, akafunga milango, akangoja nusu saa ili kompyuta ya gari itulie. Mita ikasoma ampea 0.5, mara kumi ya kiasi kinachokubalika! Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, na kila mara mita haikushuka. Ndipo akafuata waya mwembamba mwekundu uliotoka kwenye betri moja kwa moja, bila kupitia swichi ya ufunguo. Ulikuwa wa redio.

Magari yetu mengi huja yakiwa yametumika Japani. Huko redio za FM zilitengenezwa kwa masafa yanayoanzia 76 hadi 90, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Basi gari likifika tu, tunabadilisha redio, kisha tunaongeza spika kubwa, alamu, na king'amuzi cha kufuatilia gari. Fundi mwenye haraka huunga waya pale alipoona umeme, na kikuza sauti kinabaki macho usiku kucha ingawa redio yenyewe ni kimya. Kwa hiyo ukifungiwa kitu kipya, muulize fundi palepale: waya huu umeungwa wapi?

Joto nalo lina sehemu yake. Betri hupoteza umeme wenyewe hata isipounganishwa na kitu, na joto likiongezeka nyuzi 10, upotevu huo huwa karibu mara mbili. Jua la Shinyanga kabla ya mvua mnalijua. Kivuli cha mwembe si urembo. Hali kadhalika vumbi la barabara zetu: likichanganyika na unyevu juu ya betri hupitisha umeme kidogo kidogo. Ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na magadi, yale yale tunayopikia maharage, ila vifuniko vifungwe ili magadi yasiingie ndani. Maji yakipungua tuongeze maji ya betri yasiyo na chumvi, kamwe si ya kisima.

Tumesikia mara nyingi ushauri wa kuwasha gari dakika tano kila asubuhi. Hatuupendi. Kuwasha kwenyewe hula umeme mwingi, na dakika tano za injini kunguruma taratibu huenda zisirudishe kilicholiwa. Afadhali liendeshwe nusu saa mara moja kwa wiki, hata kama ni kwenda sokoni na kurudi. Kama hakuna mwenye leseni nyumbani, chomoa waya wa hasi, ule wenye alama ya kutoa. Kabla ya hapo vua pete na bangili, maana chuma kikigusa vichwa vyote viwili huungua hadi nyama. Usiwashe kiberiti karibu, kwa sababu betri hutoa hewa inayolipuka. Saa ya gari itapotea, na redio nyingine hudai namba ya siri, basi mwulize baba mapema.

Mita ndogo ya volti nayo haina bei kubwa. Gari likiwa limelala, 12.6 maana yake betri imejaa, 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 ipelekwe kuchajiwa siku hiyo hiyo, kwani ikikaa tupu mabamba hushika chumvi ngumu na haitarudi hali yake.

Binti yule tulimwomba radhi mbele ya watoto, maana mbele yao ndipo tulipomkaripia. Spana namba 10 sasa iko kwenye droo ya jikoni. Jumamosi yeye ndiye anayesoma mita na kuandika namba kwenye kalenda ya ukutani, na baba akipiga simu kutoka Geita huuliza habari za watoto kwanza, halafu anasema, "Nipe binti anisomee betri."