Binti Yangu Hakuwa na Homa

Akina mama wenzangu, mwezi huu naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hunong'ona bombani lakini hatulitamki mbele ya muuguzi: hofu ya chanjo.

Mwezi wa Aprili 2018 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 14. Binti yangu alirudi kutoka shuleni hapa Matogoro akasema, "Mama, wiki ijayo tunachomwa sindano." Nilikuwa nachambua maharage. Kabla sijajibu, jirani yangu alidakia: "Usikubali, mama. Wanataka kuwafunga kizazi." Nami niliyepeleka watoto wangu wote kliniki bila kukosa tarehe, nilinyamaza. Siku ya chanjo binti alibaki nyumbani. Nilituma ujumbe kwamba ana homa. Hakuwa na homa.

Tangu hapo nimejiuliza hofu ile ilitoka wapi. Wapo wanaosema ni ujinga. Mimi sikubali. Bibi yangu alituonya juu ya mumiani wanaonyonya watu damu, habari zilizoenea Afrika Mashariki yote enzi za wakoloni. Na sisi wa Songea tuna kidonda chetu. Mwaka 1906, wakati wa vita vya Majimaji, Wajerumani waliwanyonga wazee wetu, na inaaminika kichwa cha Nduna Songea Mbano kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa Songea akaomba msamaha. Mtu aliyelelewa na habari hizo hatoi mkono wa mwanawe upesi upesi. Hata Marekani, huko Tuskegee, wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili wachunguzwe, kuanzia 1932 hadi 1972, ingawa penisilini ilikwisha patikana.

Halafu yapo ya karibu. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kuwa chanjo ya pepopunda iliyotolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilitiwa homoni ya kuzuia uzazi. Serikali ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Ni kweli watafiti wa India waliwahi kujaribu chanjo ya kuzuia mimba wakiiunganisha na ile ya pepopunda, lakini hiyo ilikuwa kitu kingine, si ile ya kliniki. Nani alitueleza tofauti hiyo? Uvumi ulifika kwetu kabla ya maelezo.

Mimi nilitikiswa na shangazi yangu. Alianza kutokwa damu wakati hedhi ilikwisha koma zamani. Akaona aibu kusema. Alipofika hospitali, saratani ilikuwa imeenea. Baada ya matanga nilikwenda kwa muuguzi nikamwuliza waziwazi: "Kwa nini wasichana tu? Mwanangu atazaa?"

Hakunicheka. Alinivutia kiti. Alisema saratani hii huletwa na kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, ndiyo maana msichana huchanjwa mapema, kabla hajakutana na mwanamume. Wasichana walitangulizwa kwa kuwa wao ndio wenye mlango wa kizazi. Chanjo haigusi mimba wala mfuko wa uzazi. Dakika kumi tu, lakini ningezipata mapema nisingemfundisha binti yangu uongo.

Alichomwa, na baada ya miezi sita akarudia. Mwaka 2024 dozi ilifanywa kuwa moja tu, nayo ikatolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Jirani yangu bado anasitasita. Ana mjukuu wa miaka 10. Juzi alipita uani, akazungumzia mbolea, akazungumzia mvua, mwishowe akauliza kama binti yangu amejaliwa mtoto huko alikoolewa. Nikamwambia ndiyo, wa kiume, ana miezi saba. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kliniki ni siku gani.