Bibi si mchafu

Mwandishi anayeshikilia kwamba U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo) zinazowarudia wanawake wazee zinatokana na uchafu wa choo angepita Chumbageni, Tanga, kwanza. Huku bibi wa miaka sabini hutawaza kwa maji kila aendapo haja, na bado mkojo unamchoma. Wapo hata wanaozidisha: dawa ya kuulia vijidudu ndani ya beseni, na ngozi ndiyo inayoumia.

Kilichobadilika ni mwili. Hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni hushuka, ngozi ya ukeni hukonda na kukauka, bakteria wema wanaoilinda kwa asidi hupungua, na E. coli wa utumboni hupata njia hadi kibofuni. Kisukari huongeza balaa. Ndiyo maana krimu ya estrojeni ya ukeni, kwa ushauri wa daktari, hupunguza marudio. Mwandishi hakuitaja hata kwa bahati mbaya.

Ushauri wake wa kuwahi antibayotiki ndio unaonitisha. Bibi yuko dirishani pa duka la dawa, kashika ganda tupu la sipro: “Mwanangu, nipe kama hizi.” Mkojo wake haujaoteshwa maabara kujua dawa ipi itafaa. Utafiti wa HATUA, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta kiasi cha nusu ya wagonjwa waliothibitika kuwa na U.T.I. wana bakteria sugu kwa makundi kadhaa ya dawa.

Na kipimo kikionyesha bakteria ilhali bibi hana dalili yoyote, kwa kawaida hatibiwi; dawa hapo inatibu wasiwasi wa mpimaji. Homa na maumivu ya ubavuni ni jambo jingine: hospitali ya Bombo, leo leo.