Mkanda Mchafu Unavyomwacha Abiria Kichwa Wazi

Helmeti ya abiria katika bodaboda nyingi za Kitale na Bungoma haikai kichwani mwa abiria. Huning'inia kwenye usukani au nyuma ya kiti, na hutolewa pale askari wa trafiki anapoonekana mbele. Lawama huwaangukia abiria, eti hawajali maisha yao. Lakini hebu ishike helmeti hiyo uitazame kwa ndani. Mkanda wa kidevu uliotoka dukani ukiwa mweusi umegeuka rangi ya udongo. Pale unapogusa ngozi unang'aa kwa mafuta na jasho la watu wengi, na karibu na kishikizo umebaki mstari mweupe wa chumvi. Mama aliyejifunga kilemba safi akienda soko la Chwele akiukataa mkanda huo, hajakataa usalama. Amekataa uchafu wa watu asiowajua kumgusa karibu na mdomo. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuosha mkanda wa helmeti ni kazi ya usalama barabarani, sawa na kukaza breki, na kazi hiyo ni ya mhudumu wa bodaboda.

Ushahidi kuhusu helmeti haubishaniwi tena. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na shirika la utafiti wa afya la Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kuwa helmeti humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kufa katika ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo lakini hutegemea mkanda. Helmeti isiyofungwa inaweza kumtoka mtu kichwani kabla hajafika chini, na hapo haina tofauti na ile iliyobaki kwenye usukani. Abiria aliyelazimishwa huiweka juu ya kilemba na kuacha mikanda ikipepea, kwa kuwa mkanda ndio mchafu kuliko sehemu nyingine zote. Katika barabara ya Webuye kwenda Malaba, ambako pikipiki hupishana na malori marefu yanayoelekea mpakani, helmeti iliyovaliwa hivyo ni ya kumridhisha askari tu. Sheria ya Trafiki ya Kenya inawataka mhudumu na abiria wake wote wawili wavae helmeti, nami naiunga mkono, ila sheria haiwezi kumfanya mtu asisikie kinyaa.

Kuosha kwenyewe si kazi kubwa, mradi kufanywe sawasawa. Tope la udongo mwekundu wa Trans Nzoia halifai kuloweshwa likiwa bichi, maana maji hulisukuma ndani ya nyuzi. Liache likauke, ulipanguse kwa brashi kavu, ndipo utie maji. Kisha chukua maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo isiyo kali, uusugue mkanda kwa mswaki wa zamani, pande zote mbili, ukitilia mkazo pale unapopita kwenye kishikizo. Suuza hadi povu liishe, kwa sababu sabuni iliyobaki huwasha ngozi na kuvuta vumbi jipya. Sponji za ndani zinazobanduka zioshwe vivyo hivyo. Anika kivulini penye upepo. Jua kali la kila siku hudhoofisha nyuzi za mkanda, na joto la jiko huharibu ganda. Hatari kubwa zaidi ni petroli, ambayo iko karibu na mkono wa kila mhudumu na huondoa grisi kwa haraka. Petroli na tina ya rangi huyeyusha lile povu gumu jeupe lililo chini ya ganda, ambalo ndilo hupokea kishindo cha ajali. Dawa ya klorini kama Jik nayo hung'arisha mkanda huku ikidhoofisha nyuzi zake.

Wapo watakaosema kila abiria abebe helmeti yake. Anayeweza na afanye hivyo, lakini mtu anayepanda bodaboda mara moja kwa wiki kutoka Kiminini hadi hospitalini Kitale hatanunua helmeti kwa ajili ya safari hiyo. Wengine watasema mvua za Kitale haziruhusu kitu kukauka. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa sponji nene, ila mkanda ni utepe mwembamba: ukikamuliwa kwa taulo usiku, kwa kawaida asubuhi unavalika. Siku ambayo hakuna muda, kitambaa safi au kofia nyepesi ya wavu chini ya helmeti husaidia, kama kampuni ya bodaboda ya SafeBoda ilivyowapa abiria wake kule Kampala. Kofia hiyo inaweza pia kupunguza hatari ya mapunye na chawa, ambavyo huweza kuhama kutoka kichwa hadi kichwa kwa helmeti ya pamoja. Haiusafishi mkanda, hata hivyo.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba abiria hukataa helmeti kwa sababu nyingine pia: joto, nywele zilizosukwa, safari fupi. Ni kweli, na mkanda safi hautawashawishi wote. Lakini uchafu ndio sababu pekee ambayo mhudumu anaweza kuirekebisha jioni ya leo kwa sabuni aliyo nayo nyumbani. Viongozi wa steji, ambao tayari hukusanya michango na kupanga zamu pale Kanduyi na Kibomet, wanaweza kuongeza ukaguzi wa helmeti mara moja kwa wiki. Doa jekundu lililokataa kutoka baada ya kuoshwa vizuri wasilihesabu kuwa kosa. Nyuzi zikianza kukatika, au kishikizo kikifunguka kinapovutwa, hapo helmeti hiyo asivishwe abiria tena; ibadilishwe.