Tahadhari: Insulini Iliyoungua au Iliyoganda Haitengenezeki

Kama nyumbani kwako, iwe Shangani, Ng'ambo au Makunduchi, yupo anayejidunga insulini, kaitazame chupa yake leo. Joto la kaskazi ni kali, na umeme wa Unguja hutegemea nyaya zilizolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa bila umeme huo hadi Machi 2010.

Insulini ni protini. Ndani ya chupa molekuli zake hujikusanya sita sita, zimeshikamana na zinki, na mkusanyiko huo ndio unaoifanya dawa idumu. Ikipata joto kali, tena ikatikiswa, hasa chupa iliyobaki nusu na kujaa hewa, molekuli huachana, hupoteza umbo, kisha hujipanga upya kuwa nyuzi nyembamba zisizoweza kushusha sukari. Uzi ukishaanza huvuta molekuli nyingine. Kuirudisha kwenye friji baada ya hapo ni kuhifadhi dawa iliyokufa.

Kwa hiyo usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani Darajani, wala chini ya kiti cha vespa hadi Nungwi. Na umeme ukikatika usiihamishie kwenye friza, wala usiigusishe na barafu. Hili ndilo kosa linaloniogopesha zaidi, maana hufanywa kwa nia njema. Insulini iliyoganda itupwe, hata ikiyeyuka ikang'aa kama maji.

Lakini usiingiwe na hofu ukaacha kujidunga! Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva waliijaribu insulini katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kama lile la kambi ya Dagahaley, Kenya. Majibu yao ya mwaka 2021 yalionesha kwamba kwa wiki nne dawa ilibaki na nguvu zake karibu zote. Chupa unayoitumia, ikikaa kivulini, haiharibiki kwa umeme kukatika siku mbili. Nyumba za Mji Mkongwe zenye kuta nene za mawe na chokaa zina nafuu: chumba cha chini, mbali na dirisha. Penye paa la bati, itie kwenye mfuko mkavu ndani ya chungu kilicholowa maji, ingawa kwa unyevu wa pwani yetu usitarajie baridi kubwa. Chupa ambazo hazijafunguliwa ndizo za kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.

Insulini ya maji maji ikiwa na ukungu au vinyuzi, usiidunge. Ile nyeupe ya mchanganyiko ni ya ukungu tangu kiwandani. Izungushe taratibu viganjani, usiitikise, na ikibaki na mabonge au ikiganda kwenye kioo, iache. Macho pekee hayatoshi. Sukari ikipanda bila sababu na kipimo cha dawa ni kile kile, fungua chupa mpya. Usijiongezee dozi kwa kubahatisha.

Mgonjwa akianza kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kutapika, kupumua kwa kasi, au pumzi ikinuka kama tunda lililoiva sana, msingoje asubuhi. Mpelekeni Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu usiku huo huo, na chupa yake mkononi.