Ramani ya Mzee Yanikosesha Nauli

Wiki hii napiga mguu kwenda kazini, na wa kulaumiwa ni mdomo wangu.

Jumamosi kijiweni ubishi ulihamia kwenye milima ya Brooks, kule Alaska kaskazini kabisa. Nikajipiga kifua: mrefu kuliko yote pale ni Chamberlin! Uhakika nilikuwa nao, maana ndivyo kinavyosema kitabu cha jiografia alichoniachia marehemu baba. Mpwa wangu akasema taratibu, "Mjomba, ni Isto." Nikaweka dau nauli ya wiki nzima. Dogo akatoa simu. Kwisha habari yangu!

Kumbe Chamberlin ulishavuliwa taji. Ramani za zamani zilikuwa zinapingana zenyewe kwa zenyewe, mpaka mwaka 2014 watafiti walipopita na ndege wakipiga picha za kupimia. Matokeo yakachapishwa 2016: Isto wa kwanza, mita 2,735 na ushei. Chamberlin wa tatu!

Msiicheke kwamba haifiki hata nusu ya Kilimanjaro. Kilimanjaro ni volkano, ilijijenga kwa moto wake. Ile ya Brooks ni miamba iliyobanwa ikakunjamana kama mkeka uliosukumwa ukutani, na ndani yake mna mawe ya chokaa yaliyotokea chini ya bahari. Safu nzima ni kama kilomita 1,100, na mashariki inaingia Kanada. Mito ya upande wa kaskazini inamwaga maji Bahari ya Aktiki. Ya kusini mingi inaingia mto Yukon. Kusini kuna misitu, ukivuka kaskazini huoni mti. Barabara inayoikata ni moja tu, ya Dalton, iliyojengwa 1974 kwa ajili ya bomba la mafuta.

Usiku nikakifungua kitabu cha mzee, nimekasirika kweli, karibu nikichane. Chini ya jina Chamberlin nikakuta mstari wa penseli. Mkono wake ule. Naye alijifunzia humo, akaamini, kama mimi.

Sikuufuta. Nikachukua kalamu nikaandika pembeni: "Isto, 2016."

Na dogo? Nauli kaibeba yote, huruma hana. Basi ukiniona barabarani na viatu vya vumbi, nipe lifti, usiniulize jiografia. Tukutane wiki ijayo!