Mtoto si kamba ya kufungia pikipiki

Desemba iliyopita tulikuwa tunatoka Kimara kwenda Same, na nilikuwa na pikipiki mbili za kumpelekea mdogo wangu. Gari lilishajaa mizigo na watoto, kwa hiyo nikaazima tela. Kijana aliyetusaidia kupakia alizifunga kwa mipira ya tyubu, akatikisa moja, kisha akasema, "Mzee, dogo apande huku nyuma awe anazishikilia. Si yupo tu?"

Mwanangu wa miaka 13 alishaweka mguu kwenye tela. Nami, nisikufiche msomaji, nilishakubali moyoni. Mama watoto ndiye aliyeuliza: "Kama zimefungwa, yeye anashika nini?"

Sikuwa na jibu. Tukazishusha, tukaanza upya.

Mzazi mwenzangu, piga hesabu. Pikipiki ya kawaida ya cc 125 ina uzito wa kilo 110 hadi 130. Ukikanyaga breki kwa nguvu, inasukuma mbele kana kwamba mtu amebebeshwa kilo 60 ghafla. Mikono ya mtoto haiwezi, na huko nyuma hana kiti wala mkanda. Tela likiyumba, wa kwanza kurushwa ni yeye.

Kwa hiyo, kabla ya kuazima au kununua tela, uliza uzito wake. Tela tupu la kilo 200 likibeba pikipiki mbili linafika kilo 440 hivi. Angalia kwenye kitabu cha gari kama gari lako linaruhusiwa kuvuta uzito huo. Kagua tairi pia, maana tela lililokaa sana juani huwa na tairi zilizopasukapasuka pembeni hata kama kashata bado zipo.

Halafu mwite fundi wa kuchomelea. Aweke pete nne imara kwa kila pikipiki, na chuma cha kubana gurudumu la mbele lisigeuke.

Wakati wa kupakia, uzito uelemee mbele kidogo ya ekseli, kiasi cha asilimia 10 ya uzito wote ikae kwenye gari linalovuta. Ukielemea nyuma, tela linaanza kucheza kushoto na kulia, na kadiri unavyoongeza mwendo ndivyo linavyozidi.

Mipira ya tyubu iache nyumbani. Inavutika, na kwenye tuta pikipiki inapata nafasi ya kulala. Tumia mikanda ya kukazia mizigo: miwili mbele, mmoja kila upande, ivute kuelekea chini na mbele mpaka shokapu zishuke karibu nusu. Mingine miwili ifungwe nyuma. Usifunge kwenye plastiki, usiiache pikipiki isimame kwa stendi ya pembeni, na funga koki ya mafuta.

Mwisho, pitisha minyororo ya usalama kwa kupishana chini ya maungio, kisha mtu mmoja asimame nyuma athibitishe taa za breki na indiketa zinawaka.

Mtu huyo kwetu alikuwa mwanangu. Tulipofika Kibaha nikasimama, akashuka na kuzunguka tela akivuta mkanda mmoja baada ya mwingine. "Baba, huu umelegea." Kweli, ulikuwa umelegea. Nikaukaza. Chalinze akakagua tena, Segera akakagua tena, na kila mara alirudi ndani ya gari na kufunga mkanda wake.

Tulifika Same jioni, pikipiki mbili zikiwa zimesimama kama tulivyozipakia.

Watoto wanapenda kutusaidia, na sisi ndio tunaochagua wasaidie nini. Mpe mwanao kazi ya macho. Siku mtu akikwambia unahitaji mtu wa kushikilia mzigo, ujue mzigo haujafungwa.