Nani Analipia Chuma Kilichoharibika?

Tangu Gitega ifanywe makao makuu ya kisiasa ya Burundi, mwanzoni mwa 2019, mji huo una njaa ya mageti, madirisha, ngazi na mapaa. Kazi hiyo wanaifanya zaidi mafundi wa pembeni mwa barabara, wenye mashine moja ya kuchomelea, miwani ya jua badala ya kinga ya uso, na kijana wa kushikilia chuma. Mwenye cheti cha A2 kutoka shule ya ufundi ya mji huohuo mara nyingi hupita hapo akitafuta kazi ya ofisini. Huwezi kumlaumu moja kwa moja. Fundi yule amechoma maelfu ya fimbo za kuchomelea maishani mwake, ilhali mhitimu pengine hakumaliza hata pakiti moja.

Swali linalozungumzwa na walimu, wazazi na serikali ni kama wanafunzi wa ufundi wafundishwe zaidi kwa vitendo na kwa miradi. Nani atasema hapana? Tatizo la mjadala huo ni kwamba kila mtu anakubali, kisha hakuna kinachobadilika, kwa sababu swali lenyewe limekaa upande usiofaa. La kujibiwa ni hili: mwanafunzi akiharibu kipande cha chuma leo asubuhi, nani analipia kingine cha mchana?

Tazama somo la kuchomelea linavyokwenda. Siku za mwanzo fimbo inanata kwenye chuma, mwanafunzi anaivuta, ganda linapukutika, cheche zinazimika. Akishajua kuwasha moto, anakwenda polepole mno na bati jembamba linatoboka. Akiharakisha, mshono unabaki juujuu, mzuri wa kutazama, na ukiupiga nyundo unaachana. Hakuna kitabu kinachompitisha hatua hiyo. Inapitwa kwa kuharibu, na kuharibu kuna bei. Fimbo, mabati na nondo za Burundi kwa sehemu kubwa zinatoka nje kwa dola, na dola nchini humo zimekuwa adimu kwa miaka kadhaa sasa. Mafuta ya jenereta nayo yamekuwa yakipotea kwenye vituo tangu 2021. Umeme wa REGIDESO, shirika la umeme la taifa, ukikatika saa ya somo, somo limekwisha.

Mkuu wa shule anayefikiri vizuri hufanya nini katika hali hiyo? Anabana. Mwalimu anachomelea, mwanafunzi mmoja au wawili wanajaribu, waliobaki wanatazama na kuandika. Muhula ukiisha, kila mmoja ana maelezo safi ya Kifaransa kuhusu mkondo wa umeme na unene wa fimbo. Ripoti inasema vitendo vimefanyika, na haijadanganya. Vimefanyika mbele yao.

Ndiyo maana huwa sishtuki nikisikia mfadhili ameipa shule fulani mashine mpya. Mashine hupigwa picha, tena ina bati la jina. Fimbo za kuchomelea, misumeno ya chuma inayokatika, mafuta ya kulainisha, mbao za kukatwa vibaya, hivi havikatiwi utepe. Vinakwisha, na kwa kuwa vinakwisha, vinakuwa vya kwanza kufutwa kwenye bajeti. Karakana inabaki na mashine ya kuchonga chuma ambayo imefungwa ili isiharibike, kana kwamba ililetwa kutazamwa.

Sasa twende kaskazini mashariki, Muyinga, mji ambao malori yanayovuka Kobero kutoka Tanzania hupita kabla ya kushuka kuelekea katikati ya nchi. Tangu mwaka 2012 upo pale mfano mzuri wa kufundishia uhandisi, ingawa haukujengwa na shule ya ufundi. Ni maktaba ya mji, iliyobuniwa na wasanifu wa ofisi ya BC ya Brussels wakishirikiana na shirika la hapo la ODEDIM, kwenye eneo lililokusudiwa shule ya watoto viziwi. Ukuta wake ni matofali ya udongo ulioshindiliwa, hayakuchomwa hata kidogo. Mashine za kuyafyatua zilikuwa kuukuu, za mkono, zilizofukuliwa kwenye vumbi; watu wanne waliweza kutoa zaidi ya matofali elfu moja kwa siku. Mbao ni mikaratusi ya mashariki mwa nchi iliyopakwa oili chafu ya magari dhidi ya mchwa. Vigae vya paa na sakafu vimetokana na udongo wa bondeni, jirani na mji, badala ya mabati ya kuagiza. Ndani kuna wavu mkubwa wa kamba za mkonge ambamo watoto wanalala wakisoma.

Uzuri wake wasifiwe wasanifu. Mimi natazama hesabu. Paa la vigae ni zito sana. Mkaratusi wa kawaida hauvuki nafasi pana bila kupinda. Kwa hiyo nguzo zikasimamishwa kila baada ya mita 1.30 hivi, zikabeba paa na wakati huohuo zikaegemeza ukuta mrefu usiyumbe. Tofali bichi linaogopa mvua, basi paa likatokezwa nje kuukinga ukuta. Udongo wenyewe ulipimwa kwanza, kwa majaribio mepesi ya kiwanjani na mengine ya maabara, kabla ya kuchaguliwa. Kila uamuzi hapo una sababu inayoweza kuandikwa ubaoni na kutatuliwa na mwanafunzi wa miaka 17: uzito huu, mti huu, nafasi hii, je, itashika?

Na kuna jambo ambalo ndilo limenifanya niandike. Tofali la udongo likipasuka wakati wa majaribio, unalivunja, unaongeza mchanga au maji, unalifyatua upya. Kuharibu hakugharimu chochote ila jasho. Mwanafunzi anaweza kukosea mara ishirini kwa siku, na kila kosa akaliandika: udongo ulikuwa na mfinyanzi mwingi, ulikauka juani haraka, haukushindiliwa vya kutosha. Huo ndio uhandisi. Anapofika kwenye chuma, ambacho ni ghali, tayari ana tabia ya kupima kabla ya kukata na ya kuuliza kwa nini imevunjika badala ya kuficha vipande.

Shule za Gitega na Muyinga hazihitaji kusubiri kibali cha mtu kuanza hivyo. Udongo upo, mikaratusi ipo, mkonge upo, baiskeli mbovu zipo tele, na vyuma chakavu vinauzwa kwa kilo. Muyinga inalima kahawa, na kwenye vituo vingi vya kuoshea kahawa nchini kuna mashine za kumenya za McKinnon, ambazo visahani vyake huchakaa na kuhitaji kurekebishwa kila msimu. Mradi wa darasa ungeweza kuwa huo: fungueni mashine ya kumenya kahawa, pimeni mwanya, elezeni kwa nini punje zinakatika, irudisheni ikifanya kazi. Ni bora mara kumi kuliko roboti ya kadibodi ya siku ya maonyesho, samahani kwa wapenzi wa maonyesho.

Hapa lazima niwape nafasi wanaopinga, maana hoja zao si nyepesi. Wapo wanaosema udongo na mkonge ni kumfungia mtoto wa maskini katika umaskini wake. Mwenzake wa Nairobi anajifunza mashine za kompyuta, yeye anakanyaga matope. Ningekubali kama safari ingeishia kwenye matope. Udongo ni mlango, na anayewanyima wanafunzi chuma na umeme kwa kisingizio cha “vifaa vya kienyeji” anawadhulumu. Wapo pia mafundi wa mtaani wanaosema shule ni kupoteza muda, mlete kijana gereji miaka miwili atakuwa fundi. Atakuwa fundi kweli. Lakini fundi anayekadiria kwa jicho hutumia nondo nene mahali pa nyembamba ili awe salama, na siku moja hutumia nyembamba mahali pa nene kwa sababu mteja amebana bei. Kuligundua kosa hilo la pili kabla jengo halijaanguka ni kazi ya hesabu, na hesabu hiyo inafundishwa shuleni.

Hoja nzito kuliko zote ni mtihani. Burundi, kama majirani zake, humpima mwanafunzi mwishoni zaidi kwa karatasi, na Mtihani wa Taifa ndio mlango wa chuo kikuu. Mzazi anayeuza mbuzi ili alipe ada anataka alama, na mwalimu anajua hivyo. Ukimwambia mwalimu afanye miradi huku yeye mwenyewe akihesabiwa kwa waliofaulu karatasi, unamwomba ajinyonge.

Wengine wamejaribu kurekebisha hilo, na matokeo yao yafaa kusomwa bila haraka. Kenya ilianza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985 kwa nia njema kabisa: useremala, uhunzi, umeme, kilimo, sayansi kimu. Ujenzi wa karakana ukaachiwa wazazi na harambee. Shule tajiri zikapata karakana, maskini zikapata kichwa cha somo kwenye ratiba, na mwaka 2002 mtaala ukapunguzwa na masomo mengi ya vitendo yakatolewa kwenye ulazima. Miaka ya karibuni, chini ya mtaala wa umilisi, malalamiko ya wazazi wa Kenya yamekuwa mengine: kazi ya mikono inapelekwa nyumbani, mama ndiye anayekesha akikata na kugundisha, mtoto kalala. Uganda, katika mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, iliamua asilimia 20 ya alama za mwisho zitokane na tathmini ya shuleni, na 80 zibaki kwenye mtihani. Tanzania nayo, kwa sera iliyozinduliwa Dodoma Januari 2025, imerudisha mkondo wa amali kwa nguvu, miongo mingi baada ya shule kongwe za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga kuonja heshima na kisha kusahauliwa.

Ninachokiona katika yote hayo ni kwamba kitu kilichokamilika ndicho kinachotolewa alama, na kitu kilichokamilika kinanunulika. Kiti kizuri unaweza kumlipa seremala akutengenezee. Usichoweza kununua ni daftari la kazi lenye vipimo vya kila siku, michoro iliyofutwa, vipande vilivyoharibika vikiwa na tarehe na sababu, pamoja na mwanafunzi anayesimama mbele ya jiliwa na tupa mkononi akaulizwa maswali matatu na fundi asiyemfundisha. Burundi ikitaka kuipa miradi alama, iipe kwa njia hiyo. Nusu saa ya maswali kwa kila mtahiniwa inachosha, najua. Kusahihisha karatasi za watu elfu kadhaa nako kunachosha, na tunakufanya.

Halafu kuna mwalimu. Wengi waliingia darasani moja kwa moja kutoka chuoni, bila kuajiriwa kiwandani wala kwenye ujenzi. Dawa ipo barabarani pale Gitega. Mlipeni fundi mzoefu siku mbili kwa wiki aingie karakana ya shule, na mpelekeni mwalimu wiki chache za likizo kwenye kazi yenye tarehe ya kukabidhi. Fundi atazungumza Kirundi na Kiswahili, mwalimu atasahihisha Kifaransa cha daftari, wanafunzi watachukua vyote. Hilo ni rahisi kuliko semina ya hotelini, na posho yake ni ndogo.

Kazi zenyewe si za kufikirika. Huko Mubuga, mkoa wa Gitega, tangu 2021 kuna kituo cha umeme wa jua cha megawati 7.5, kilichoongeza uzalishaji wa nchi kwa zaidi ya asilimia 10 kilipoanza. Bwawa la Rusumo, megawati 80 za kugawana na Rwanda na Tanzania, lina laini inayofika Gitega. Reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati imeanza kujengwa. Vitu hivyo vikishazinduliwa na wageni kuondoka, vinabaki na bolti zinazolegea, waya zinazoliwa na panya, na paneli zinazojaa vumbi. Anayejua kukaza, kupima na kuandika taarifa ataajiriwa. Asiyejua atatazama mtaalamu akiletwa kutoka nje kwa dola zilezile zisizopatikana. Hata mikopo ya BIJE, benki ya vijana iliyoanzishwa 2020, haimsaidii kijana ambaye hajawahi kutengeneza kitu ambacho mtu yuko tayari kukinunua.

Kwa wizara, basi, na kwa kamati za shule za Gitega na Muyinga: kabla ya mwaka wa masomo kuanza Septemba, fungueni bajeti ya shule na mwandike mstari mmoja wa vifaa vinavyokwisha, wenye kiasi kwa kila mwanafunzi, usioguswa kwa ajili ya posho wala sherehe. Wazazi, mkienda kwenye mkutano wa shule, msiulize tu ni wangapi wamefaulu. Ulizeni muhula huu mtoto wenu ameharibu vipande vingapi, na mwombe kuonyeshwa.